Kipimo cha Ziad

Daktari Rispah alikuwa mgeni katika kliniki ile ya magonjwa ya damu, na Mona alikuwa bado hajamzoea. Mzee aliyekuwapo kabla yake alikuwa mtu wa mzaha na peremende mfukoni. Huyu alitazama zaidi kuliko alivyosema. Lakini asubuhi hiyo Mona hakujali. Alikwenda na furaha yake imemjaa kifuani, kwani majibu yalikuwa yamekuja: uboho wa Ziad, mwanawe mkubwa wa miaka kumi na saba, ulilingana sawasawa na wa Hanin, mdogo wake wa miaka minane. Damu ya Hanin ilikuwa imepungua kwa zaidi ya mwaka, na dawa ikawa ni uboho wa mtu mwingine, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Safari ya India ilikwisha kupangwa. Kilichobaki ni sahihi ya daktari.

Rispah hakutia sahihi. Alimkalisha Hanin kitandani, akaushika mkono wake wa kulia, akakigeuzageuza kidole gumba. Kilikuwa chembamba mno, hakina nguvu hata ya kufungua kizibo cha chupa. Hanin alizaliwa nacho hivyo, na nyumbani kwao Kuze, katika Mji wa Kale, kila mtu alikwisha kukizoea.

"Ni cha kuzaliwa?"

"Cha kuzaliwa. Ametaka Mungu."

Daktari akamwinulia Hanin nguo mgongoni. Palikuwa na madoa matatu, rangi ya chai ya maziwa. Akayatazama kwa muda, akaishusha nguo polepole, akamwambia Hanin atoke akakae na kaka yake nje. Mlango ulipofungwa akauliza, "Mama Ziad, wewe na mumeo mna udugu?"

"Ni mtoto wa ami yangu. Babangu na babake ni baba mmoja mama mmoja." Mona alihisi uso ukimpanda moto. "Kwani udugu umekuwa makosa?"

"Si makosa. Nauliza kwa sababu ya Hanin." Rispah alisogeza kiti chake karibu. "Ndani ya kila seli ya mwili mna DNA. Kila siku inaharibika: kwa jua, kwa moshi, hata kwa kazi ya seli yenyewe. Kwangu, kwako, kwa kila mtu. Lakini seli ina mafundi wake wa kuitengeneza. Angalia zipu ya buibui lako. Seli ikitaka kugawanyika, lazima zipu ifunguke yote, mwanzo mpaka mwisho. Mara nyingine meno ya upande huu yanagandana na ya upande ule. Seli zetu zinajua kukata pale palipogandana, zikapaunga upya, zikaendelea. Naogopa za Hanin hazijui. Zinakwama, zinalazimisha, zinapasuka. Na uboho ndio unaogawanyika usiku na mchana, kwa hiyo ndio uliochoka mwanzo."

Mona aligeuka kuelekea mlangoni. Alikuwa akimsikia Hanin akicheka nje, na Ziad akimwigiza mlinzi wa getini.

"Ikiwa ndivyo," Rispah aliendelea, "kuna mambo mawili ya kuyajua kabla hamjapanda ndege. Huko wataanza kwa dawa kali ya kuua uboho wa zamani. Dawa ile kazi yake ni hiyo hiyo ya kugandisha zipu. Mtoto mwingine anaistahimili. Hanin akipewa kipimo cha kawaida, atakufa kwa dawa, hatakufa kwa maradhi."

"Na la pili?"

"Ziad naye apimwe."

"Ziad mzima, daktari!"

"Huenda. Lakini maradhi haya mmoja yanamtokea utotoni, mwingine yanajificha mpaka ukubwani. Kama anayo, uboho wake haumfai dadake. Itakuwa tumechukua kwa mgonjwa tukampa mgonjwa."

Jioni ile Mona alimweleza mumewe. Yeslam alikuwa na duka la spea za malori Shimanzi. Alikuwa mtu mpole, mikono haimwishi harufu ya grisi, na hasira yake ilikuwa haionekani ila katika kunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe cha kahawa kikipoa mbele yake.

"Hanin mpimeni," akasema. "Ziad hapana."

"Daktari asema..."

"Daktari hajui hata njia ya kuja hapa. Kijana akimbia uwanjani Makadara mpira mzima hatweti. Wewe wamtafutia maradhi? Usimwamshe aliyelala, Mama Ziad."

Damu ya Hanin ikapelekwa maabara ya nje. Huko walizitia seli zake dawa ya kuzijaribu, wakaziangalia kwa darubini. Zilipotoka, kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba DNA, zilikuwa zimekatikakatika na kushikana ovyo, vipande kwa vipande. Rispah alimwonyesha Mona picha, na Mona, asiyejua lolote la maabara, alitambua kuwa anatazama kitu kilichovunjika. Maradhi yale yalikuwa na jina: Fanconi.

"Sasa Ziad," daktari akasema.

"Nitamleta."

Hakumleta. Alipofika nyumbani alimkuta Ziad juu ya paa, ametoka mpirani, ameinama penye tangi anajimwagia maji ya ndoo. Mona alimpelekea taulo. Kijana alikuwa amempa mgongo, na chini ya bega la kushoto Mona akaona madoa mawili. Si kwamba yalikuwa mapya. Alimwogesha nayo tangu uchanga, akiyaita alama ya baraka. Lakini siku ile aliyaona kwa mara ya kwanza, na yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, taulo," Ziad akasema, mkono ameunyosha nyuma.

Akampa. Akashuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta.

Hakumwambia Yeslam, wala hakumpigia daktari simu. Alijifungia jikoni akakanda unga ambao hakuna aliyeutaka. Moyo wake uligawanyika. Alijua lililo sawa. Lakini kulijua na kuliweza ni mambo mawili. Maadamu Ziad hajapimwa, ana mtoto mmoja mgonjwa na mmoja mzima. Akipimwa, huenda asiwe na mzima hata mmoja, na Hanin asiwe na wa kumpa uboho. Alijiambia madaktari wa India ni mabingwa, wataona wenyewe. Kisha alijiambia madoa ni madoa tu, nusu ya watu wa Mji wa Kale wana madoa. Rispah alipiga simu. Mona aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Kesho yake ikalia tena. Siku ya safari ilikuwa ikikaribia, mabegi yako sebuleni, na kila aliyepita alimpiga Ziad begani akimwita shujaa. Ziad alikuwa akitabasamu nusu, kisha anatazama kando.

Ilikuwa baada ya alasiri Hanin alipokuwa amekaa mkekani anadurusu somo lake la chuo cha Kurani. Mona alisikia sauti ya kusoma imekatika. Alipogeuka, tone la damu lilikuwa limeanguka kwenye mkeka, na jingine likafuata, kisha hayakuwa matone tena. Pua zote mbili. Mona akambana pua, akamwinamisha mbele kama alivyofundishwa, akamwekea barafu kwenye paji la uso. Kitambaa cha kwanza kikalowa, na cha pili. Hanin akakohoa, damu ikatoka mdomoni.

"Ziad! Ziad, ndoo!"

Kijana alishuka ngazi mbili mbili. Hakuuliza neno. Alimbeba mdogo wake kifuani akatoka naye mbio, na Mona nyuma, buibui amelifumbata mkononi, kiatu kimoja kimemvuka. Vichochoro vya Kuze haviingii tuktuk. Wauza duka walisimama vizingitini, mtu mmoja akapaza sauti, "Pisheni! Pisheni mgonjwa!" na mikokoteni ikasukumwa ukutani. Walipofika barabarani fulana ya Ziad ilikuwa imeroa mpaka kiunoni. Ndani ya tuktuk Hanin alikuwa ameegemeza kichwa kwa kaka yake, midomo haina rangi, na Ziad akimsemesha bila kukoma, "Usilale, Hanin. Nihesabie mabasi. Hanin, nihesabie."

Hospitali ilimwongezea damu na chembe za kuigandisha, na mbele ya macho ya Mona ule mtiririko ukapungua, ukasita, ukakoma. Mona akakivua kiatu kilichobaki. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, Ziad kando yake, na hapo ndipo Rispah alipowakuta.

"Amepona kwa leo," daktari akasema. Kisha akamgeukia Mona, na hakuinua sauti. "Nimekupigia simu. Mama Ziad, kwa nini hukumleta ndugu yake?"

Mona alianza kulikunja buibui lake upya mapajani.

"Nani asema mimi sipimwi?" Ziad akauliza. Alimtazama daktari, kisha mama yake. "Mimi sijakataa. Sijaulizwa."

"Mwanangu, babako..."

"Kwa sababu ya haya?" Alijigusa nyuma ya bega, juu ya fulana iliyokauka damu. "Mama, nishayaona. Siku uliponipa taulo niliuona uso wako kwenye maji ya ndoo. Nimesoma kwenye simu maradhi ya Hanin, yote, hadi mwisho. Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

Mona alitamani ardhi ipasuke. Aliutafuta mkono wa kijana, akaukosa, kwani alikuwa amekwisha kusimama.

"Nitoeni damu," Ziad akamwambia Rispah. "Kama ni mbovu, simtii mdogo wangu."

"Hujatimia miaka kumi na minane. Mzazi ndiye wa kutia sahihi."

Mona akatia sahihi.

Kesho yake alikwenda Shimanzi mwenyewe, kwani jambo lile hakutaka Yeslam alisikie kwa mtu. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, makontena yanapakuliwa, vumbi limetanda. Wekesa, fundi wa breki aliyekuwa akifanya kazi mbele ya duka, alimwona akija akamwamkia, kisha akamtazama vizuri, akakusanya spana zake akahamia upande wa pili wa lori.

Yeslam alikuwa nyuma ya kaunta. "Hanin?" akauliza upesi.

"Hanin hajambo. Ni Ziad. Nimetia sahihi, wamemtoa damu."

Mumewe alibaki ameshika kifuniko cha mafuta ya breki mkononi. Lori moja liliwashwa nje, ukuta mzima ukatetemeka.

"Nilikwambia hapana."

"Uliniambia. Lakini ana madoa, Baba Ziad. Kama ya Hanin. Nimeyaona nikakuficha, na nimemficha yeye, na jana mtoto karibu atufie mikononi."

"Madoa!" Sauti ilimpasuka. Alikirusha kifuniko kikagonga rafu. "Mmoja nimewapa madaktari, Mona. Nimewapa. Wamchome, wamfunge mipira, wamkate. Niachie mmoja. Nilikuomba kitu kimoja tu, uniachie mmoja nimtazame bila ya kumhesabia pumzi."

Hakuwahi kumwita Mona kwa jina tangu alipozaliwa Ziad. Mona alizunguka kaunta, akasimama karibu yake katika harufu ile ya grisi na mpira, na Yeslam akaficha uso kwa viganja vyake vyeusi. Ndipo Mona akajua kuwa mumewe alikuwa ameyaona madoa kabla yake.

Majibu yalipokuja Rispah aliwaita wote watatu. Hakuzunguka. "Ziad anayo. Damu yake bado ni nzuri, uboho wake unafanya kazi. Lakini seli zake zimekatika kama za Hanin. Hawezi kumpa."

Ziad aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeambiwa njia ya kwenda mahali. Kisha akainuka, akatoka. Yeslam alimfuata mbio mpaka getini, akarudi peke yake. Kijana alizima simu, akalala Majengo kwa rafiki yake wa mpirani, na Mona alikesha akisikiliza mlango. Aliporudi kulipopambazuka, alipita sebuleni, akayachukua mabegi ya safari moja moja, akayarudisha chumbani.

Siku ile ya majibu, aliporudi kutoka getini, Yeslam alikuwa amemuuliza daktari kabla ya kuondoka: "Sasa yuko nani?"

"Mzazi kwa kawaida hulingana na mtoto nusu tu," Rispah alikuwa amejibu. "Alipopatikana Ziad, hakuna aliyehangaika kuwapima nyinyi. Mimi nitawapima. Nyinyi ni watoto wa ndugu. Huenda mna vitu vya pamoja zaidi ya watu wengine."

"Lakini haya maradhi yametoka kwetu, mimi na yeye. Si ndivyo?"

"Kila mmoja wenu ana jeni moja iliyoharibika na moja nzima. Ile nzima inatosha. Uboho wako unajua kazi yake."

Yeslam alikunja mkono wa kanzu. Mona alimwona, mtu aliyekataa mwanawe asichomwe sindano, akiutoa mkono wake kabla muuguzi hajaja.

Zikafuata wiki ambazo Mona hakupenda kuzikumbuka baadaye. Hanin aliongezewa damu, akatapika, akaongezewa tena. Ziad alikwenda shule na kurudi, akala, akamchezea dadake karata, na kwa mama yake akajibu anachoulizwa tu. Mona aliwaza kwamba kama naye Yeslam hafai, hana pengine pa kugonga. Siku simu ilipolia alikuwa sokoni, mkononi ana mafungu ya mchicha, na safari hii hakuitazama ikilia.

"Mama Ziad," Rispah akasema, "Baba Ziad amelingana. Kamili. Kile kipande Hanin alichokirithi kwako, babake anacho pia, kwa upande wa babu yenu. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Alikuwa amekaa chini, kwenye gunia la mtu. "Sema tena, daktari."

Rispah alirudia. Kisha akaongeza, "Na kwa kuwa Ziad na Hanin wanalingana, siku Ziad atakapohitaji, baba yake atamfaa naye."

Walikwenda India watatu. Ziad akabaki kwa bibi yake. Kule madaktari walikuwa wamekwisha kusoma barua ya Rispah, na dawa ya kuua uboho wakampa Hanin kidogo kidogo, sehemu ndogo tu ya wanayopewa wengine. Hata hiyo ndogo ilimtoa nywele na kumchubua mdomo wote asiweze kumeza mate. Mona alimtazama akifikiria kingetokea nini kwa kipimo kizima, na kila alipofikiria alitoka nje ya chumba akashika kitu kigumu.

Uboho wa Yeslam ulitolewa kwenye nyonga, ukaja katika mfuko kama damu ya kawaida, ukaingia kwa Hanin kupitia mshipa. Baada ya hapo ni kungoja. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda zaidi. Chembe nyeupe zilikuwa sifuri, na asubuhi ya pili sifuri, na wiki nzima sifuri. Yeslam aliyekuwa anachechemea kwa maumivu alisimama nyuma ya kioo akisoma dua, mpaka wauguzi wakamletea kiti. Kisha asubuhi moja muuguzi aliingia akitabasamu kwa macho juu ya barakoa, akainua vidole viwili. Chembe zilikuwa zimeanza. Chache, lakini zimeanza.

Hanin alirudi Kuze na kipara na barakoa, na sauti ya kuamrisha ambayo hakuwa nayo mwanzo. Yeye alikuwa amevuka, ingawa Rispah aliwaonya: uboho umepona, mwili uliobaki ni ule ule, na utachunguzwa maisha yote.

Ziad ndiye aliyebaki njiani. Alipimwa damu kila baada ya miezi mitatu. Aliambiwa asiguse sigara wala asikae na wavutaji, mdomo na koo viangaliwe kila mwaka, kwa maana seli zisizojua kujitengeneza ndizo zinazogeuka saratani upesi. Na hata picha ya eksirei asipigwe bila sababu. Alisikiliza yote. Mpira hakuuacha.

Alipotimia miaka kumi na minane alikwenda kliniki na mama yake kama kawaida, na mlangoni akamwambia, "Ningoje hapa."

Mona alingoja. Mlango ulipofunguka Ziad alikuja kukaa kando yake.

"Zimeshuka," akasema. "Chembe za kugandisha. Si sana. Hazijafika pa kunipandikiza, lakini daktari asema huenda ni mwaka, huenda ni miaka mitano."

Mona alimtazama. Mambo mengi yalimjia kinywani, yote ya kumtuliza, na yote aliyaona kuwa ni ya kujituliza mwenyewe.

"Kama Hanin asingetoka damu siku ile," Ziad akauliza, macho ameyaelekeza sakafuni, "ungenyamaza mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu. Nadhani ningenyamaza mpaka ndege iruke."

Ziad hakusema amesamehe, naye Mona hakumwomba. Walikaa pale wagonjwa wakiitwa majina, mmoja baada ya mwingine. Kisha kijana akatoa simu yake mfukoni, akatafuta namba ya baba yake, na ilipopokelewa malori yalisikika mpaka pale kwenye benchi.

"Baba? Nimetoka sasa hivi. Zimeshuka kidogo." Akasikiliza. "La, usifunge duka. Nitakueleza yote, Mama yuko hapa, anasikia."